Planet Hunters TESS: tathmini ya huduma ya kutafuta sayari za mbali, kwa mtumiaji wa Nairobi

Planet Hunters TESS ni huduma ya bure kwenye intaneti inayomwezesha mtu yeyote mwenye kompyuta kusaidia kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine. Haiuzi chochote, haihitaji darubini, wala haimlazimishi mtu kujiandikisha kabla ya kuanza kazi. Nimeitumia hapa Nairobi nikiwa peke yangu nyumbani, na pia pamoja na wanafunzi wa klabu ya sayansi katika shule ya upili ninakofundisha fizikia. Tathmini hii ninawaandikia walimu, wazazi na wapenzi wa anga waliowahi kusikia habari za sayari za mbali wakadhani kwamba kazi hiyo ni ya wenye shahada nyingi na mitambo mikubwa tu.

Niseme mapema maoni yangu. Huduma hii ni bora sana kwa jambo moja mahususi, nalo ni kulizoeza jicho kuona mshuko mmoja wa mwanga ambao programu za kompyuta huweza kuupuuza, na jambo hilo si la kuchezea watu, kwa sababu sayari halisi zimepatikana kwa njia hiyo. Anayekuja akitaka kujua sayari hizo zina hewa gani, kama zina mvuke wa maji au mawingu, hatalipata jibu humo. Itambidi aivuke hatua hiyo kwa msaada wa mwalimu au kwa kusoma kwingine, na nitaeleza hapa chini jinsi sisi tulivyoivuka.

Data zenyewe hutoka kwa TESS, chombo cha NASA kilichorushwa tarehe 18 Aprili 2018 kutoka Cape Canaveral. Kina kamera nne ambazo kwa pamoja hutazama ukanda wa anga wenye nyuzi 24 kwa 96, na hukaa kwenye ukanda mmoja kwa takriban siku 27 kabla ya kuhamia mwingine. Kinachopimwa ni mwangaza wa kila nyota, tena na tena. Sayari ikipita kati ya nyota yake na sisi, huziba sehemu ndogo ya mwanga, hivyo mwangaza hushuka kwa saa kadhaa kisha hurudi ulivyokuwa. Sehemu hiyo ni ndogo kweli. Mtu aliye mbali akilitazama Jua letu wakati Mshtarii inapopita mbele yake angeona mwanga umepungua kwa takriban asilimia 1. Dunia yetu ingeupunguza kwa kiasi cha asilimia 0.008 tu, kwa muda wa saa 13 hivi, na baada ya hapo mtazamaji huyo angesubiri mwaka mzima ili aione ikipita tena.

Ukifungua ukurasa wa kazi unaletewa mchoro wa nyota moja. Mhimili wa chini unaonyesha siku, wa wima unaonyesha mwangaza, na kati yake zimetapakaa nukta nyingi sana, kila moja ikiwa ni kipimo kimoja. Karibu na katikati ya mchoro huwa kuna pengo lisilo na nukta hata moja. Mgeni hudhani kwamba mtandao umekatika au ukurasa haujafunguka wote, kumbe chombo hicho huizunguka Dunia kila baada ya siku 13.7, na kinapoikaribia husitisha upimaji ili kitume data nyumbani. Nukta zilizo kando ya pengo hilo zinafaa kutiliwa shaka, kwa kuwa mwanga unaotoka kwenye Dunia au Mwezi huweza kupenya hadi kwenye kamera na kuzipindisha juu au chini. Ukiona mahali ambapo nukta zimeshuka pamoja, unaburuta kipanya juu yake na kuacha alama, na kama hujaridhika unaukuza mchoro uione sehemu hiyo kwa karibu. Basi. Kazi yote ni hiyo, na ugumu wake uko kwenye kuamua.

Nyota nyingi hazitulii. Kuna zenye madoa meusi ambazo, kwa kuwa hujizungusha, mwangaza wake hupanda na kushuka polepole kwa siku nyingi mfululizo. Kuna zinazopwita mara nyingi kwa siku, na nukta zake hujaza skrini kama kitambaa kilichofumwa. Na kuna nyota jozi, yaani nyota mbili zinazozungukana na kuzibana, ambazo huacha mishuko mirefu yenye ncha kali chini. Mpito wa sayari kwa kawaida huwa mfupi wa kina na huwa na sakafu bapa, kwa sababu sayari huingia mbele ya nyota, hukaa hapo kwa muda ikiziba kiasi kilekile cha mwanga, kisha hutoka.

Jioni moja mwanafunzi wa Kidato cha Tatu alikuwa anauwekea alama kila mshuko kwenye mchoro, kwa furaha nyingi, maana ilikuwa mishuko ya wazi isiyohitaji kukodolewa macho. Mwenzake aliyesimama nyuma ya kiti akamzuia.

"Hiyo si sayari. Angalia vizuri. Mrefu, mfupi, mrefu, mfupi."

Kisha akanigeukia. "Mwalimu, si hizi ni nyota mbili? Yenye joto zaidi ikizibwa mwanga unapungua sana, yenye joto kidogo ikizibwa unapungua kidogo."

Nilimwomba aende ubaoni awaeleze wenzake, naye akachora mizunguko miwili na kuonyesha ni wakati gani kila nyota hufichwa. Hakuna aliyekuwa amewafundisha jambo hilo darasani. Walilipata kwa kutazama mchoro mmoja baada ya mwingine hadi tofauti ikajitokeza yenyewe, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi ya huduma hii kwa shule. Inampa mwanafunzi data halisi, isiyosafishwa kwa ajili ya mtihani, na inamwachia nafasi ya kubishana nayo.

Ipo pia njia ya kujipima. Miongoni mwa michoro ya nyota halisi, waendeshaji wamechanganya michache iliyopachikwa mipito ya kutengenezwa, na ukimaliza kuweka alama unaambiwa kama ulikuwemo na kama umeuona. Matokeo hayo hutumika kukadiria macho ya kila mshiriki yana wepesi gani, kabla ya majibu ya watu mbalimbali juu ya nyota moja kuunganishwa. Kwa nyota nyinginezo huambiwi kama umepatia, na wanafunzi wangu walilalamika kuhusu hilo mwanzoni, kwa kuwa wamezoea maswali ambayo jibu lake liko nyuma ya kitabu. Mimi ninaona ndivyo inavyopaswa kuwa. Jibu halipo kwa sababu hakuna anayelijua bado.

Swali ambalo kila mzazi huniuliza ni kwa nini kazi hii isiachiwe kompyuta. Jibu lake liko kwenye zile siku 27. Programu nyingi za kutafuta sayari hutegemea kujirudia: hutafuta mishuko miwili au zaidi inayofanana na iliyopishana kwa muda sawa. Sayari inayomaliza mzunguko wake kwa siku 3 au 5 hunaswa kwa urahisi kwa namna hiyo. Sayari yenye mwaka mrefu, ambayo hupita mara moja tu wakati TESS inaitazama nyota yake, huacha mshuko mmoja pekee, na programu inayotafuta marudio huweza kuupita. Jicho la binadamu halihitaji marudio. Linaona umbo.

Ushahidi upo. Huduma ya awali yenye jina la Planet Hunters ilianza Desemba 2010 kwa data za chombo cha Kepler, na mwaka 2012 washiriki wawili wa kujitolea, Kian Jek na Robert Gagliano, wakatambua mipito ya sayari iliyopewa jina PH1b, ambayo huzunguka nyota mbili kwa pamoja huku jozi nyingine ya nyota ikiwa mbali kidogo kwenye mfumo uleule. Toleo la TESS lilianza Desemba 2018 chini ya uongozi wa Nora Eisner, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Sayari ya kwanza kuthibitishwa kutokana na toleo hili ni TOI-813 b, yenye ukubwa unaokaribia wa Zohali na mwaka wa takriban siku 84. Baadaye, mwaka 2024, ilitangazwa TOI-4633 c, ambayo mwaka wake ni takriban siku 272. Iko kwenye umbali kutoka kwa nyota yake ambapo joto si kali mno wala baridi si kali mno, ingawa kwa ukubwa wake inaelekea kufanana zaidi na Kausi (Neptuni) ndogo yenye gesi nyingi kuliko na Dunia yenye ardhi ya kukanyagwa. Mtu anayekodolea macho nukta usiku mtaani Umoja au Kawangware anafanya kazi ileile iliyozaa majina hayo.

Sasa nije kwenye kile ambacho huduma haitoi. Mshuko wa mwanga hukwambia upana wa sayari ukilinganishwa na nyota yake, na mishuko inayojirudia hukwambia urefu wa mwaka wake. Uzito haumo, na angahewa haimo. Ili kujua angahewa, wanaastronomia huugawa mwanga wa nyota kwa rangi zake wakati sayari inapita. Kiasi kidogo cha mwanga huo hupenya kwenye ukingo wa angahewa kabla ya kutufikia, na kila gesi humeza rangi zake mahususi, kwa hiyo sayari huonekana pana kidogo zaidi katika rangi zinazomezwa. Ukichora upana huo dhidi ya rangi, vilima vinavyojitokeza ndivyo saini ya gesi. Kwa njia hiyo David Charbonneau na wenzake waliitumia darubini ya anga ya Hubble kugundua sodiamu kwenye angahewa ya HD 209458 b, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2002. Ilikuwa mara ya kwanza kwa angahewa ya sayari ya nyota nyingine kupimwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 2022, darubini ya James Webb ilionyesha kaboni dioksaidi kwenye WASP-39 b kwa kilima kilichokuwa wazi kiasi kwamba hata mwanafunzi anaweza kukionyesha kwa kidole.

Mfano niliouchagua kwa wanafunzi wangu ni tofauti, na ninawashauri walimu wengine wa Kenya wauchague pia. Sayari GJ 1214 b, iliyogunduliwa mwaka 2009, sasa ina jina rasmi la Enaiposha, na nyota yake inaitwa Orkaria. Majina hayo ya Kimaasai yalipendekezwa kutoka Kenya katika shindano la Muungano wa Kimataifa wa Astronomia na kutangazwa Juni 2023. Iko umbali wa takriban miaka nuru 48, upana wake ni kama mara 2.7 ya upana wa Dunia, na humaliza mwaka wake kwa saa 38 hivi. Nyota yake hupita karibu na utosi wa Nairobi, kwa kuwa iko nyuzi chache tu kaskazini mwa ikweta ya anga, lakini ni hafifu mno kuonekana kwa macho matupu.

Faida ya Enaiposha darasani ni kwamba iliwakatalia wataalamu. Hubble iliitazama ikipita mara nyingi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 na Laura Kreidberg na wenzake yalikuwa mstari ulionyooka: hakuna vilima, upana uleule kwa kila rangi. Maelezo yaliyobaki yalikuwa kwamba juu ya angahewa hiyo kumetanda mawingu au ukungu mzito unaozuia mwanga usipenye hadi kwenye gesi zilizo chini yake. Ilibidi njia ibadilishwe. Darubini ya James Webb ikaifuata sayari hiyo kwa mzunguko mzima, ikipima joto linalotoka upande wa mchana na upande wa usiku, na timu iliyoongozwa na Eliza Kempton ikatangaza mwaka 2023 kwamba joto hubadilika kutoka kama nyuzi 279 za selsiasi mchana hadi 165 usiku. Tofauti kubwa namna hiyo inaelekeza kwenye angahewa yenye molekuli nzito kuliko hidrojeni, na sayari yenyewe imebainika kuakisi sehemu kubwa ya mwanga wa nyota yake. Niliwaonyesha wanafunzi mstari ule ulionyooka kabla ya kuwaeleza lolote, na mmoja akauliza kama darubini ilikuwa imeharibika. Swali hilo lilitupatia mazungumzo ya jioni nzima, maana ndilo swali ambalo wataalamu wenyewe hulazimika kujiuliza kwanza.

Ninalisisitiza hili kwa sababu habari za angahewa za sayari hutufikia zikiwa zimetiwa chumvi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba K2-18 b, iliyo umbali wa miaka nuru 124, ina methani na kaboni dioksaidi, na kwa upande wa methani hilo limesimama vizuri. Mwaka 2025 likaja dai kwamba kuna dalili za gesi ambayo hapa duniani hutengenezwa na viumbe vya baharini, na simu yangu ikajaa ujumbe kutoka kwa wazazi wakiniuliza kama viumbe vimepatikana. Watafiti wengine waliozichambua data hizo hizo walisema dalili si imara kiasi hicho. Mtu aliyewahi kukaa mbele ya mchoro wa TESS na kushindwa kuamua kama nukta zimeshuka au zimetikisika tu anaelewa haraka zaidi maana ya dalili dhaifu kuliko aliyesoma kichwa cha habari peke yake, na kwa sababu hiyo huduma hii, ingawa haizungumzii hewa, ni maandalizi mazuri ya kuisoma sayansi ya hewa.

Uhusiano mwingine kati ya kazi hizo mbili ni wa vitendo. Darubini ya kupima angahewa huhitaji nyota angavu, kwa kuwa mwanga ukiwa kidogo hauwezi kugawanywa kwa rangi na bado ukapimika. TESS ilijengwa kutazama nyota angavu zilizo karibu nasi kuliko nyingi za zile zilizotazamwa na Kepler, na sayari zake nyingi zinafaa kwa hatua hiyo ya pili. Orodha ya NASA ilifikisha sayari 6,000 zilizothibitishwa mnamo Septemba 2025, lakini zenye angahewa iliyopimwa vizuri ni chache mno kati yake, na zenye mwaka mrefu na joto la wastani ni chache zaidi. Kila mpito mmoja unaonaswa na macho ya watu wa kujitolea huongeza mahali pa kutazama.

Kuhusu matumizi ya hapa mjini, mambo ni mepesi. Michoro haili bando kama video, na mtandao wa kawaida wa nyumbani unatosha. Umeme ukikatika unapoteza mchoro uliokuwa mbele yako tu. Maabara ya kompyuta tuliyotumia ina mtandao unaozorota kila darasa jingine linapoingia, na bado kazi iliendelea. Simu inaweza kutumika, ila ninapendekeza kompyuta, kwa sababu mshuko wa kina kifupi kwenye skrini ndogo humezwa na mtawanyiko wa nukta. Kwa mpenda anga wa Nairobi kuna nafuu nyingine ambayo anayeishi kwenye anga safi hawezi kuithamini sawasawa: kati ya Juni na Agosti mawingu hutanda juu ya jiji wiki baada ya wiki, na taa zetu huzifuta nyota hata mawingu yanapofunguka, lakini data za TESS hazijui mawingu wala taa.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Mwongozo niliofuata umeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza chenye istilahi, na mwanafunzi mdogo huchoka kabla hajafika kwenye mchoro. Tuliufupisha kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja: mpito, nyota jozi, madoa, pengo la data, na mchoro mmoja wa mkono kwa kila neno. Tangu hapo hata wadogo hufanya kazi bila kusimamiwa. Jambo jingine ambalo ningependa liongezwe ni sehemu fupi inayoifuata sayari moja tangu mshuko wake wa kwanza hadi rangi za angahewa yake, kwa sababu mshiriki huachwa mwanzoni kabisa mwa safari ndefu bila kuonyeshwa inakoelekea.

Nimewahi kulinganisha huduma hii na Eyes on Exoplanets ya NASA, ambayo huonyesha sayari kwa picha za kuvutia unazoweza kuzizungusha. Watoto wa shule ya msingi huipenda zaidi, nami ninaitumia kwao. Ila picha hizo zimechorwa na wasanii kwa kukisia kutokana na ukubwa na joto, na mtoto asipoambiwa hivyo huondoka akiamini kwamba kuna kamera iliyofika huko. Kwa mwenye umri wa miaka 14 na zaidi ningeanza na Planet Hunters TESS, halafu nimpeleke kwenye hifadhi ya data ya NASA Exoplanet Archive, ambayo pia ni ya bure. Humo anaweza kutafuta GJ 1214 b kwa jina, kusoma upana, uzito na joto lake pamoja na kiwango cha kosa cha kila kipimo, na kuona vipimo vya timu mbalimbali vikiwa vimewekwa pamoja, hata pale ambapo havikubaliani.

Asiyekuwa na subira ya kutazama nyota nyingi zisizo na chochote asiianze kazi hii, kwa kuwa michoro mingi haina mpito na haitakuwa nao. Anayeweza kuvumilia aanze na nyota chache kila jioni, ahudhurie ukurasa wa mazungumzo ambako washiriki hujadiliana kuhusu michoro yenye utata, na aandike kwenye daftari nambari ya kila nyota iliyomtia shaka, kwa sababu TESS huzirudia sehemu zilezile za anga na mshuko wa pili unaweza kuja miaka kadhaa baada ya wa kwanza.